Ile Barabara ya Ng'ambo ya Daraja

Waliokaa mtaa wa Langas, pembeni mwa Eldoret, miaka ya mwisho ya Laban Wangila wanamkumbuka kama mzee wa kutembea. Alikwenda mjini kwa miguu, akarudi kwa miguu, na ukimsimamishia gari alikushukuru vizuri kisha akaendelea na mwendo wake ule ule. Vijana walidhani anaogopa magari. Wengine, wale wajuaji wasiokosekana mtaani, walisema macho yalimwishia kazini ndiyo maana hata basi hakuwahi kuendesha. Nimewasikia sana, na wamenichosha. Wangila alishika usukani kabla ya vita vya Hitler, na kutoka Turbo mpaka Timboroa hakukuwa na dereva Mwafrika aliyejulikana kuliko yeye. Kama hakuendesha basi, haikuwa kwa ajili ya macho. Ilikuwa kwa ajili ya mke wake, Tryphosa, na kifua cha Tryphosa.

Alizaliwa upande wa Kimilili, akaja Eldoret kijana, wakati wazee bado wakiuita mji Sisibo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutangulia mbele ya maksai wa Kaburu mmoja aliyebeba magunia kwa gari la kukokotwa. Ukitembea mbele ya maksai mvua nzima, miguu mitupu, unajifunza matope kwa nyayo kabla ya kuyajifunza kwa macho. Baadaye fundi mmoja Kalasinga pale mjini alimfundisha lori, na vita vilipokuja serikali ikampeleka Uhabeshi kuendesha malori ya jeshi. Aliporudi aliajiriwa na Bwana Pelham, aliyelima ngano na miwati upande wa Sergoit.

Siku zile barabara za Uasin Gishu zilikuwa barabara wakati wa kiangazi tu. Mvua ikinyesha, mtu alilala njiani kwa sababu ametoka nyumbani bila kuuliza. Kwa hiyo watu waliuliza, na wa kuulizwa alikuwa Wangila. Wazungu wenyewe walikuwa wakituma watu kutoka klabu yao: je, Timboroa inapitika leo? Wangila alijibu neno moja, inapitika au haipitiki, na hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa wa kanisa la Marafiki, wale wanaokaa kimya katika ibada na hawaapi hata mahakamani, maana kwao ndiyo ya mtu inatosha. Neno lake juu ya barabara liliaminiwa hivyo hivyo.

Tryphosa alikuwa na pumu. Alitoka Maragoli, kwenye joto lake, akaolewa akaletwa kwenye baridi, na nyumba za laini ya wafanyakazi pale shambani zilikuwa za udongo, zenye moshi ndani na umande nje. Julai ikifika alikuwa hawezi kulala chali. Aliegemea ukuta akalala ameketi, blanketi shingoni, na alikuwa ameishi hivyo miaka mingi hata binti yao Nabwire, aliyekwisha kuolewa, hakukumbuka kumwona mama yake amejinyoosha kitandani. Kila mwaka baridi ilichukua kidogo zaidi. Wangila aliliona hilo waziwazi, na lilimwogopesha kuliko kitu chochote alichokiona vitani.

Basi Bwana Pelham naye akaanza kuugua moyo. Dakta alimwambia kwamba nchi hii iko juu mno, hewa yake ni nyepesi, inauchosha moyo na kuharibu pumzi. Kila mwaka ashuke pwani, akakae chini kabisa usawa wa bahari. Bwana na Memsaab, mkewe, walikuwa wakiyazungumza hayo ndani ya gari, kama Wazungu walivyozungumza mbele ya dereva siku hizo, kama kwamba usukani umejishika wenyewe. Lakini Wangila alikuwa na Kiingereza cha jeshi, na kilimtosha. Njia nzima ya kurudi Sergoit aliwaza jambo moja: ikiwa bahari inarudisha pumzi ya Bwana, haiwezi kuwa inachagua.

Alimwendea Memsaab akamwomba Tryphosa afuatane nao, awafulie na kuwapigia pasi huko. Memsaab Pelham hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla, cha kuamrisha.

"Kama hoteli nakubali, mimi nakubali," alisema, maana yake hoteli ikikubali, naye amekubali.

Kwa hiyo kila kitu kikawa hoteli.

Memsaab alikuwa na picha za hoteli mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye kisiwa chenyewe cha Mombasa, ya zamani, imetazama mkondo wa maji zinakopita meli, na chini yake hakuna mchanga ila miamba myeusi yenye makali. Ya pili ilikuwa ng'ambo, ukivuka lile daraja linaloelea, kwenye ufuo mweupe wenye mivinje na viti vya turubai vilivyopangwa kuelekea baharini. Mtu yeyote mwenye akili angechagua ya pili, na Memsaab alikuwa na akili. Alikuwa amekwisha kuichagua. Lililobaki lilikuwa barabara, na kabla ya vita Wangila alikuwa amewahi kumpeleka setla mmoja wa Soy hoteli zote mbili, mwaka mmoja hii, mwaka mwingine ile.

Sasa, Wangila alizijua hoteli hizo kwa upande wa nyuma. Pale ng'ambo madereva walilala katika banda refu la mabati, wanaume tupu, na mwanamke asiye yaya wa kulala na watoto wa wageni hakupita getini. Askari alikuwa na amri hiyo. Kule kisiwani palikuwa na mazizi ya zamani ya farasi yaliyogawanywa vyumba, kila chumba na komeo lake, na msimamizi, Mgoa mmoja mtulivu, hakumuuliza mtu analala na nani mradi ua umefagiliwa.

Memsaab alimwita barazani akamwonyesha picha ya ufuo mweupe.

"Wangila. Barabara ya hii hoteli iko namna gani?"

Alikaa kimya. Memsaab alikuwa amezoea. Wangila alikaa kimya kila alipoulizwa barabara.

"Ni mbaya, Memsaab."

"Mbaya namna gani?"

"Gari itakwama. Mimi nilikwama huko."

Hapo lazima nieleze, maana mwenyewe alilieleza hivyo hivyo, bila kujipunguzia wala kujiongezea. Ni kweli alikwama. Mwaka ule na Bwana wa Soy alishuka na gari mpaka ufuoni, akaona mchanga uliolowa, umebanana, mgumu, hauna alama ya gurudumu. Mtu wa Sisibo anajua kwamba mahali maji yalipopita yakaenda zake, ardhi ikabaki ngumu namna ile, hapo ndipo pa kuegesha. Aliegesha, akajipongeza, akaenda kutafuta chakula. Hakuna aliyemwambia kwamba maji ya huko hayaendi zake, yanarudi. Gari lilitolewa na wavuvi, chumvi mpaka kwenye viti. Lakini hiyo ilikuwa bahari. Barabara yenyewe ilikuwa ya mawe meupe yaliyoshindiliwa, nzuri kuliko yoyote iliyokuwa Eldoret, na Wangila alijua hivyo alipokuwa amesimama pale barazani. Alisema uongo. Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya barabara, na Memsaab aliupokea kama alivyoupokea ukweli wote uliotangulia. Aliiweka ile picha chini akachukua nyingine.

Waliondoka asubuhi ya mvua, Agosti, ngano ikiwa bado changa na Bwana haitajiki shambani. Gari lilikuwa boksibodi, mbele kibanda cha chuma na vioo, nyuma sanduku la mbao lenye turubai. Bwana na Memsaab walikaa mbele na Wangila. Tryphosa alikaa nyuma pamoja na masanduku, vikapu, na pasi ya mkaa aliyoishika magotini safari nzima kama kwamba ndiyo tiketi yake.

Kabla ya Timboroa alifunga minyororo kwenye magurudumu. Pale kilimani matope yalikuwa mekundu na mazito, na kanuni ya matope ni moja tu: usisimame. Ukisimama umeshakuwa mwenyeji wa hapo. Kwa hiyo hakusimama, ingawa nyuma ya kichwa chake alimsikia Tryphosa akivuta pumzi kwa sauti ile ya mlango mbovu, na baridi ilikuwa ikipenya kwenye turubai. Alitaka kusimama ampe blanketi lake mwenyewe. Akaendelea, gari likienda upande upande, mpaka waliposhika ardhi ya kokoto, na hapo ndipo alipozima injini, akaenda nyuma, akamfunika. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Endesha, Baba Nabwire," Tryphosa alisema. "Usinitazame mimi. Tazama barabara."

Walishuka Nakuru, wakapanda ukingo wa bonde, wakalala Nairobi, kila mtu na mahali pake pa kulala. Kesho yake walipita udongo mweusi wa Athi, ambao kwa bahati ulikuwa umekauka, kisha ikaanza ile njia nyekundu isiyokwisha, vumbi tupu, makorongo madogo madogo yanayolegeza meno. Bwana Pelham alilalamikia vumbi. Memsaab alilalamikia joto. Voi waliposimama kuongeza maji kwenye rejeta, Tryphosa aliteremka mwenyewe bila kushikwa, mwekundu wa vumbi toka nywele mpaka miguu, akamwangalia mumewe aliyekuwa mwekundu vile vile, akacheka. Alicheka mpaka mwisho wa kicheko bila kukohoa. Wangila alimwaga maji nje ya rejeta.

Hoteli ya kisiwani haikumpendeza Memsaab. Alisimama kwenye ukuta, akaitazama ile miamba, akatazama kaa wakikimbia, akabana midomo. Bwana alipata kiti chenye kivuli na hakutaka zaidi. Wangila aliosha gari, kazi ya nusu siku kwa vumbi lile, kisha akaenda kwenye chumba chao kule mazizini.

Tryphosa alikuwa amelala chali kitandani. Mikono iko kando, uso umeelekea juu, kimya. Wangila alisimama mlangoni akashika mwimo. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amemwona hivyo, na kwao mtu anayelazwa hivyo ni mtu anayengojwa kuzikwa. Hakuweza kuingia wala kuita.

Tryphosa akafumbua macho. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Nilidhani umelala."

"Nimelala," Tryphosa alisema, na akafumba macho tena.

Wangila alitoka nje akaosha gari mara ya pili, ingawa lilikuwa safi. Alikuwa akilia, na gari lilimpa mahali pa kuinamia.

Mambo yangeishia hapo kama Tryphosa angekuwa mtu asiye na adabu. Lakini alikuwa nayo tele. Kwao mtu akikufanyia jambo kubwa huendi kumshukuru mikono mitupu, na kunyamaza ndiyo aibu kubwa zaidi. Unapeleka kuku, akiwa hai, umemshika kwa mikono miwili. Wangila alikuwa amemwambia kwamba hoteli hii tu ndiyo inayopokea mtu na bibi yake; la barazani hakumwambia, maana Tryphosa asingekubali kupanda gari. Na Tryphosa, baada ya kulala kitandani siku kadhaa kama watu wengine, aliona amengoja kupita kiasi. Alikwenda sokoni Makupa, akachagua kuku mweupe aliyenona, akaoga, akavaa gauni lake la kanisani, akapanda ngazi za baraza ya wageni ambazo mtumishi hapandi.

Wazungu waliokuwa wakinywa chai waliacha kunywa. Tryphosa alipiga goti kidogo mbele ya Memsaab, akamtolea kuku.

"Memsaab, asante sana. Mimi nalala sasa. Asante kwa kunichagulia hoteli hii, ukaacha ile nzuri. Mzee wangu aliniambia ni hii peke yake inapokea mtu na bibi yake. Mungu akubariki wewe na Bwana."

Memsaab alikuwa ameishi Uasin Gishu muda wa kutosha kujua kwamba kuku wa namna hiyo hakataliwi. Alimpokea. Alimshika mapajani, akamtazama Tryphosa, akaitazama ile miamba. Wangila, aliyekuwa akipaka nta mlango wa gari pale chini, aliyasikia yote.

"Karibu," Memsaab alisema mwishowe. Kisha akainua sauti bila kugeuka. "Wangila. Leta gari. Mimi nataka ona ile barabara."

Walikwenda wawili tu. Walipita mjini, wakavuka daraja linaloelea, mbao zikigonga chini ya magurudumu, wakashika barabara ya mawe meupe. Ilikuwa imenyooka, imekauka, haina hata shimo moja la kumfurahisha mtu mwenye kesi. Wangila aliendesha polepole, si kwa ajili ya barabara. Alikuwa akihesabu watu aliowajua Eldoret ambao wangemkodishia chumba chenye dirisha linalofungika, maana kazi aliiona imekwisha, na Tryphosa angerudi milimani kwa treni siku inayofuata.

Getini Memsaab alimwuliza askari wanawake wa kazi wanalala wapi. Askari akasema hakuna mahali pao, ni amri ya hoteli. Memsaab akaingia. Alikaa chini ya mivinje, akaletewa chai, akavua viatu, akaweka miguu kwenye ule mchanga alioutaka. Wangila alimwona toka garini. Alikaa muda mrefu kuliko chai ya kawaida.

Aliporudi alikuwa ameshika viatu mkononi.

"Barabara mbaya sana, Wangila," alisema.

Wangila alimfungulia mlango.

"Mbaya sana. Gari takwama. Sisi takaa kule kule."

Na Bwana alipouliza jioni, Memsaab alimjibu vivyo hivyo kwa Kiingereza. Waliporudi Eldoret aliwaambia na wenzake klabuni, na kwa kuwa ilisemekana Wangila mwenyewe ndiye aliyesema, ikawa imesemwa. Miaka ikapita, familia nzuri nzuri za Uasin Gishu zikaenda Mombasa kukaa kwenye miamba pamoja na kaa, kwa sababu barabara ya ile hoteli nyingine haipitiki.

Msinielewe vibaya. Mwaka ule ule Memsaab Pelham aliwaondolea wafanyakazi wake ng'ombe, akasema malisho hayatoshi, na waliolia aliwapita kama alivyompita askari wa hoteli. Sisemi alikuwa mtu mwema. Wala sisemi alikuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyejua thamani ya kitu akikishika, na siku ile pale chini ya mivinje alikuwa ameshika kitu.

Wangila alikuja kukiona mwaka wa pili. Kimeli, mfanyabiashara wa maziwa wa kule Kimumu, Mnandi mwenye maneno matamu na macho makali, alikuwa amechangisha ndugu zake akanunua basi, la kwanza la Mwafrika katika sehemu zile. Lilikuwa kuukuu, lakini lake. Alimwendea Wangila Jumapili baada ya kanisa.

"Mzee Laban, basi iko, abiria wako, barabara ni yako," alisema. "Mimi sijui matope. Wewe njoo, tugawane sawa. Jina lako tutaandika ubavuni."

Wangila alilipenda lile basi. Nasema alilipenda, kwa sababu alipokuwa mzee sana, akilitaja, alionyesha kwa mikono urefu wake na mahali jina lake lingeandikwa. Alikwenda kwa Memsaab kuaga kazi. Memsaab alikuwa barazani, akikata maua. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka mkasi chini.

"Wangila, ile barabara ng'ambo ya daraja. Bado mbaya?"

Hakuuliza kwa hasira. Hakutaja kwamba atamwambia Bwana, wala klabu, wala kwamba hakuna mtu atakayepanda basi la dereva anayesema uongo juu ya barabara. Hakutaja kifua cha mtu. Basi la Kimeli lingekwenda Kapsabet na Kitale; pwani lisingefika kamwe. Wangila alikaa kimya, kama alivyozoea.

"Bado mbaya, Memsaab."

"Basi," Memsaab alisema, akachukua mkasi wake. Agosti walishuka pwani, wote wanne, na Tryphosa alilala chali.

Kimeli alikasirika, akampata dereva mwingine, na dereva huyo aliliacha basi korongoni masika ya mwaka ule. Walipokutana sokoni hawakuamkiana tena. Watu wakaanza kusema Wangila ni boi wa Mzungu, anaogopa uhuru wake mwenyewe, na yeye hakuwajibu. Angewajibu nini? Kila mwaka, ilipokaribia Agosti, na mara nyingine katikati ya mwaka alipoonekana ana neno mdomoni, Memsaab aliuliza swali lake, naye akajibu. Hata Bwana Pelham alipofariki, wakamzika Eldoret, Memsaab aliendelea kushuka pwani. Aliendelea na kiti kile kile, miamba ile ile aliyoichukia. Tryphosa aliendelea kumpigia pasi. Alikuwa akirudi milimani Septemba amejaza mashavu, na pumzi ya pwani ilimchukua mpaka karibu na Krismasi, kisha ikaanza kupungua tena.

Tryphosa hakujua habari ya swali hilo. Kati ya watu wote wa hadithi hii ndiye pekee aliyedhani kuku yule alimaliza kila kitu.

Mwaka wa mwisho baridi ilianza mapema. Juni nzima mvua ya mawe ilipiga, laini ikajaa maji, na Tryphosa hakuweza tena kuwasha moto wala kukaa bila moto. Wangila alimwendea Memsaab akamwomba washuke Julai. Alikuwa hajawahi kumwomba kitu tangu ile siku ya kwanza. Memsaab alisema hapana, ana ng'ombe wa kupeleka kwenye maonyesho ya wakulima, watashuka maonyesho yakiisha. Wangila akataka ruhusa ampeleke Maragoli kwa basi. Memsaab akauliza nani ataendesha lori la ng'ombe. Tena hakuuliza kwa hasira. Wangila akaendesha lori la ng'ombe. Fahali wa Memsaab alipata utepe.

Tryphosa alifariki asubuhi moja wiki ile ile ya maonyesho, ameegemea ukuta, blanketi shingoni, jirani akiwa amekwenda kumchotea maji. Wangila alikuta wamekwisha kumlaza. Alikuwa amelala chali, mikono kando, uso juu. Aliniambia kwamba alikaa pale mlangoni akingoja amwulize mbona unanitazama hivyo, na kwamba alingoja kweli, hakuwa akijidanganya, alingoja mpaka wanawake wakamwondoa.

Walimpeleka kuzikwa kwao. Wangila aliporudi shambani maonyesho yalikuwa yameisha. Memsaab alikuwa barazani, masanduku yamefungwa, chai mezani. Alimpa pole, na nadhani ilikuwa pole ya kweli. Alikuwa amemzoea Tryphosa, na yeye mwenyewe alikuwa amezika. Alimwambia safari ni Jumatatu. Alimwambia angalau minyororo haitahitajika mwaka huu, Timboroa imekauka. Kisha akamtazama Wangila aliyesimama na kofia mkononi, na labda aliona neno mdomoni mwake, au labda ilikuwa mazoea tu.

"Ile barabara ng'ambo ya daraja," alisema. "Bado mbaya?"

Wangila hakukaa kimya safari hii.

"Ni nzuri, Memsaab. Ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza."

Aliweka ufunguo wa gari mezani karibu na birika la chai, akavaa kofia yake, akashuka ngazi, akashika njia ya mjini kwa miguu.